Lugha ya hospitali isimnyime mama uzazi

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakututajia uchungu mwingine unaoweza kumpata mzazi baada ya mwana kuzaliwa, uchungu usioletwa na maumbile bali na neno moja lililotamkwa kwa nia njema. Mpwa wangu mmoja, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliubeba uchungu wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka miwili.

Alijifungua mtoto wake wa kwanza katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Mtoto alizaliwa salama na kondo la nyuma likatoka. Kisha damu ikaanza kumtoka bila ya kukoma. Alidungwa sindano, akatundikiwa maji, akakandwa tumbo, na hatimaye akakimbizwa katika chumba cha upasuaji akiwa hajitambui. Alfajiri muuguzi alitoka nje akamwendea mama mkwe wake, aliyekuwa amekesha juu ya benchi, akamwambia: "Mama, tumshukuru Mungu. Damu imekoma. Madaktari wamemfunga kizazi."

Sina shaka kwamba muuguzi yule alitaka kumtuliza mzee. Lakini katika masikio ya mama mkwe, kama ilivyo katika masikio ya Wakenya wengi, kufungwa kizazi ni kukomeshwa kuzaa. Habari ilifika nyumbani kabla ya mgonjwa. Mumewe alikuwa karibu kusafiri kwenda Qatar kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili, naye akaondoka akijua kwamba mtoto yule mmoja ndiye wa kwanza na wa mwisho. Mkataba ulipokaribia kwisha, wazee wa upande wake walianza kunong'ona juu ya mke wa pili. Hapo ndipo mpwa wangu aliponijia.

"Mjomba," aliniambia, "wewe ni daktari. Nisomee karatasi hii."

Nilimkumbusha kwamba udaktari wangu ni wa isimu, si wa sindano. Akanijibu kwamba karatasi ile ni ya Kiingereza na vifupisho vitupu, na kwamba kusoma ni kazi yangu. Niliichukua karatasi aliyopewa siku ya kutoka hospitalini nikampelekea mwenzangu anayefundisha tiba. Aliitazama kwa muda mfupi. Alisema kwamba mfuko wa uzazi wa mwanamke huyu haukuondolewa, wala mirija yake haikufungwa. Ulishonwa kwa uzi maalumu ili ubanwe na damu ikome, na uzi huo ulikwisha kuyeyuka zamani. Hapakuwa na chochote katika karatasi ile kilichosema kwamba hawezi kupata mimba tena.

Basi, madaktari walikuwa wameokoa maisha yake na uzazi wake pia. Kilichompokonya uzazi huo kwa muda wa miaka miwili ni lugha.

Ili msomaji aelewe walichofanya madaktari wale, hatuna budi kuanza na damu yenyewe. Mimba inapokomaa, mfuko wa uzazi hupitiwa na zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kinachoizuia damu isimwagike hasa ni misuli ya mfuko wenyewe. Nyuzi za misuli hiyo zimepitana kama miyaa ya mkeka, nazo zinapojikunyata huibana ile mishipa ikafungika. Misuli ikilegea, mishipa hukaa wazi, na mwanamke aliyekuwa mzima asubuhi huweza kufariki kabla ya adhuhuri. Kulegea huku ndicho chanzo kikuu cha kuvuja damu. Vyanzo vingine ni kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo la nyuma, na damu yenyewe kushindwa kuganda.

Hili si jambo dogo katika nchi yetu. Ripoti ya kwanza ya Kenya ya uchunguzi wa siri kuhusu vifo vya wazazi, iliyochunguza vifo vilivyotokea katika hospitali zetu mwaka wa 2014, ilionyesha kwamba karibu vifo vinne kati ya kila kumi vilitokana na kuvuja damu.

Hapo kale, dawa ya mwisho ilikuwa kisu. Mwaka wa 1876, katika mji wa Pavia nchini Italia, daktari Edoardo Porro alimpasua mama mmoja, akamtoa mtoto, kisha akauondoa mfuko wa uzazi. Mama yule alipona, jambo lililokuwa nadra mno enzi hizo. Mwaka wa 1882, Max Sänger wa Leipzig, Ujerumani, alieleza namna ya kuushona mfuko huo kwa makini baada ya upasuaji na kuuacha mahali pake. Tangu wakati huo, madaktari wa uzazi wamekuwa wakitafuta njia za kuzuia damu bila ya kuondoa kiungo.

Njia iliyotumiwa kwa mpwa wangu hubeba jina la Mwafrika. Christopher B-Lynch ni daktari mzaliwa wa Sierra Leone aliyefanya kazi Milton Keynes, Uingereza. Mwaka wa 1989 alianza kutumia mshono unaouzungushia mfuko wa uzazi uzi mrefu, kuanzia chini, juu ya bega moja, nyuma, kisha juu ya bega la pili, mithili ya kanda za suruali zinazopita mabegani. Uzi ukikazwa, mfuko uliolegea hukunjwa na kubanwa, nayo mishipa hufungika. Yeye na wenzake walichapisha maelezo ya mshono huo mwaka wa 1997, nao ukaenea ulimwenguni kwa sababu hauhitaji mitambo ya thamani. Unahitaji sindano, uzi na mkono uliofunzwa. Tangu hapo madaktari katika nchi nyingi wameripoti wanawake walioshonwa hivyo ambao hedhi yao ilirejea kama kawaida, na wengine wakabeba mimba na kujifungua salama.

Hata hivyo, upasuaji ni ngazi ya juu. Kuna ngazi nyingi za kupanda kabla ya kuufikia, na kila mwalimu na mwanafunzi anafaa kuzijua, maana leo au kesho atakuwa mzazi, mume, dada au jirani wa mzazi.

Ngazi ya kwanza ni kinga. Mara tu mtoto azaliwapo, mama hudungwa oksitosini, dawa inayoikaza misuli ya mfuko wa uzazi. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "haraka" na "kuzaa". Dawa hii ina udhaifu mmoja: huhitaji baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Friji ya zahanati isipokuwa na umeme, dawa hupoteza nguvu hatua kwa hatua, na mkunga hana njia ya kuligundua jambo hilo kwa macho.

Ngazi ya pili ni kupima. Kwa miaka mingi damu ilikadiriwa kwa jicho, na jicho hudanganya. Mwaka wa 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukiwahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizoteuliwa, chini ya mama aliyejifungua ulitandikwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, ili mkunga aone hasa ni damu kiasi gani imetoka. Kiasi kilichowekwa kikifikiwa, matibabu yote yalianza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, dawa ya kusaidia damu kuganda, maji ya mishipani, na uchunguzi wa chanzo. Hapakuwa na kungoja dawa moja ishindwe ndipo ya pili ijaribiwe. Uvujaji wa damu uliozidi lita moja, upasuaji wa kuzuia damu na vifo, vikijumlishwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba matibabu yaanze hata damu ikiwa mililita 300 tu, iwapo mapigo ya moyo au shinikizo la damu la mama limeonyesha dalili ya hatari. Zamani wahudumu walingoja mililita 500.

Ile dawa ya kusaidia damu kuganda nayo ina historia ya kuwafaa wanafunzi wetu. Iligunduliwa Japani mwaka wa 1962 na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto. Kwa miaka mingi haikupewa uzito wowote katika wodi za uzazi. Mwaka wa 2017 utafiti uliowahusisha wanawake 20,060 katika nchi 21 ulionyesha kwamba ikitolewa katika muda wa saa tatu tangu kujifungua, hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu thuluthi moja. Bibi Utako alikuwa ameaga dunia mwaka uliotangulia.

Ngazi inayofuata ni puto. Huko Dhaka, Bangladesh, ambako vifaa vya kununuliwa ughaibuni vilikuwa ghali, daktari Sayeba Akhter alifunga kondomu kwenye mpira wa kutolea mkojo, akaiingiza katika mfuko wa uzazi na kuijaza maji ya chumvi, ili ikandamize kuta za mfuko kutoka ndani. Mwaka wa 2003 yeye na wenzake walieleza habari za wanawake 23 waliotibiwa hivyo, na kwa wote damu ilikoma katika dakika 15. Puto hilo si muujiza. Tafiti nyingine za baadaye hazikupata matokeo mazuri kiasi hicho, na wataalamu husisitiza kwamba litumiwe mahali ambapo damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji vinaweza kufikiwa upesi. Lakini limewapa akina mama wengi nafasi ya kupumua.

Baada ya hayo ndipo zinapokuja njia za upasuaji: kuifunga mishipa mikuu inayoupelekea mfuko wa uzazi damu, au kuubana mfuko kwa nyuzi. Ngazi ya mwisho ni kuuondoa. Hapa sitaki nieleweke vibaya. Iko mimba ambayo kondo lake limejichimbia ndani ya misuli hata haliwezi kubanduliwa. Wako akina mama ambao damu yao haikomi hata baada ya kila njia. Kwa hao, kuondolewa mfuko wa uzazi ndiyo tiba, na daktari anayesitasita kwa kuhofia lawama za ukoo huweza kumpoteza mama. Kuuhifadhi mfuko wa uzazi wa marehemu hakumfai mtu. Ninachosema ni kwamba mama anayefikishwa mapema, akapimwa damu mapema na kutibiwa mapema, mara nyingi hatalifikia daraja hilo.

Sasa niirudie kazi yangu ya isimu.

Chukua kitenzi "zaa". Kutokana nacho tumepata mzazi, uzazi, uzao, mazao na kizazi. Neno hili la mwisho limetwishwa mzigo mzito. Kizazi ni watu wa rika moja: kizazi kipya, kizazi cha uhuru. Kizazi ni uwezo wa kuzaa: husemwa kwamba fulani hana kizazi. Tena kizazi ni kile kiungo kilichomo tumboni mwa mwanamke, ambacho wengine hukiita mfuko wa uzazi, nyumba ya uzazi au mji wa mimba. Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hauna madhara. Hospitalini una madhara makubwa. Daktari anaposema "tutatoa kizazi", yeye anakusudia kiungo. Familia inasikia kwamba ukoo unakatwa. Ndiyo sababu hushauriana, humpigia simu mjomba, humngoja baba mkwe afike kutoka shambani, huku damu ikimwagika.

Kitenzi "funga" nacho kina mitego yake. Kufunga kizazi, katika matumizi yaliyozoeleka, ni kufunga mirija ili mwanamke asishike mimba tena. Kufunga mishipa ya damu ni jambo jingine. Kuubana mfuko kwa nyuzi ni jambo la tatu. Yote matatu muuguzi aliyechoka anaweza kuyaita "kufunga kizazi", na yote matatu yana hatima tofauti kabisa kwa ndoa ya mtu.

Katika shule zetu za sekondari tunafundisha isimujamii, na kila mtahiniwa huweza kukutajia sifa za sajili ya hospitali: msamiati maalumu, upole, maswali na majibu, kuchanganya ndimi, usiri. Tunazikariri sifa hizo ili tupate alama. Ni mara ngapi tumewauliza wanafunzi wetu swali lililo zito zaidi, yaani je, mgonjwa aliielewa sajili hiyo? Sajili isiyoeleweka na yule inayomhusu huwa ni ukuta. Mwalimu wa Kiswahili akitaka mfano wa kuwafikirisha wanafunzi, awape sentensi ya yule muuguzi na awaulize ina maana ngapi.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, tukubaliane katika vyuo, katika vyombo vya habari na katika vitabu vya shule kwamba kiungo kiitwe "mfuko wa uzazi". Kuzuia mimba daima kwa upasuaji kuitwe "kufunga mirija". Mshono wa kuzuia damu uitwe "kuubana mfuko wa uzazi kwa nyuzi", na ile tiba ya mwisho iitwe "kuondoa mfuko wa uzazi". Neno "kizazi" tuliachie kazi zake nyingine, ambazo ni nyingi na ni nzuri.

Pili, kila mama aliyevuja damu na kutibiwa apewe, pamoja na karatasi ya kitaalamu, maelezo ya sentensi tatu kwa lugha anayoielewa: alifanyiwa nini, anaweza kushika mimba tena au la, na afanye nini mimba hiyo ikija. Sentensi hiyo ya tatu ni muhimu kama zile mbili za kwanza, maana aliyevuja damu mara moja yumo katika hatari ya kuvuja tena, na hafai kujifungulia mahali pasipokuwa na damu ya akiba. Hili si ombi la hisani. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 43 kinataja huduma za afya ya uzazi miongoni mwa haki za kila mtu. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na tiba yake kwa lugha anayoielewa.

Tatu, na hili linawahusu wanafunzi moja kwa moja, njia zote nilizozitaja hutegemea damu ya kuongezewa. Nchini Kenya sehemu kubwa ya damu inayochangwa kwa hiari hutoka kwa wanafunzi wa shule za upili na vyuo. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Mtu mwenye afya njema, aliyetimiza umri wa miaka 16 na mwenye uzito unaozidi kilo 50, anaweza kuchanga. Msichana aliye katika kidato cha nne huenda asijue ni mama gani aliyemwokoa, lakini chupa ile ndiyo inayompa daktari muda wa kushona badala ya kukata.

Mpwa wangu alipoelezwa yaliyomo katika karatasi yake, alinyamaza kwa kitambo. Kisha akaniuliza: "Mjomba, kwa hiyo muda wote huu nilikuwa mzima?" Nilimjibu kwamba alikuwa mzima. Mwenzangu wa tiba alimpeleka kwa daktari bingwa wa uzazi, ambaye alimchunguza na kulithibitisha hilo. Mumewe aliporudi, hapakuwa na mke wa pili. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya rufaa, damu ya akiba ikiwa tayari kando ya kitanda na mkunga akiusoma ule mfuko wenye alama.

Mama mkwe wake mpaka leo husimulia kanisani kwamba kizazi kilichofungwa na madaktari kilifunguliwa kwa maombi. Sijaona haja ya kubishana naye. Lakini ningependa bibi mwingine, katika benchi nyingine, alfajiri nyingine, aambiwe tu: "Mama, damu imekoma. Mfuko wake wa uzazi tumeubana kwa nyuzi zitakazoyeyuka. Akipona, anaweza kuzaa tena."